Mshono wa Kati

Mshono wa kati ulikuwa umesogea vidole vinne.

Sihaba aliinama akapima tena kwa mkono wake. Alikuwa fundi cherehani hapo Bungu kwa miaka ishirini na sita, na hakuwa mtu wa kupotosha mshono. Jana alitandika mgongo wa blanketi sakafuni, akalaza juu yake blanketi kuukuu la kutia unene, kisha akafunika kwa uso wa viraka vya kanga. Mgongo ulikuwa na mshono wa katikati, na uso ulikuwa na wake. Aliikutanisha ile mishono miwili, mmoja juu ya mwenzake, akabana kwa pini pande zote. Leo pini zilikuwa palepale. Lakini pembeni, pale mgongo ulipochungulia, ncha ya mshono wa chini ilikuwa imehamia kushoto.

"Warda, umegusa kazi yangu?"

Binti yake alikuwa ameegemea mlango, mkono kiunoni. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa amekuja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na blanketi lilikuwa la huyo mtoto.

"Mimi, mama? Nikiinama hapo nani ataniinua? Macho yako hayo, kachukue miwani."

Sihaba alicheka. Akachomoa pini, akauvuta mgongo mpaka mishono ikakutana, akachomeka upya.

Warda alishtuka, akashika ubavu.

"Nini?"

"Kama nimechomwa. Basi, imepita."

Asubuhi iliyofuata walikwenda kliniki. Nesi alipapasa tumbo, akapapasa tena.

"Mtoto amelala kikingama," alisema. "Kichwa kiko huku kushoto. Mrudi Alhamisi. Asipogeuka nitawaandikia barua mwende hospitali kubwa."

Sihaba alikuwa anatazama kiganja cha nesi, jinsi kilivyotoka kitovuni na kusogea kushoto, kikasimama. Vidole vinne.

Walirudi nyumbani jua likiwa utosini. Mshono ulikuwa umehama tena, na chumbani mlikuwa na harufu ambayo haikuwa ya Bungu: matope ya mikoko maji yakishakupwa, na ndani yake udi. Sihaba aliijua. Ndiyo harufu iliyokuwa ikimtoka mama yake, Mwanawetu, siku ambazo mgeni wake alimjia.

Alitoka uani akampigia simu mama yake mdogo, Bi Mwamini, huko Umwe.

"Mama mdogo, lile shuka jekundu la marehemu mama," alinong'ona. "Nimelikata."

"Umelikata kwa nini?"

"Mgongo wa blanketi ulipungua shubiri moja. Nikafungua sanduku. Nilidhani mambo yale yalikwisha na mama."

Mwanawetu alikuwa na jini kutoka huko chini kwenye delta, aliyemjia na kusema kwa kinywa chake. Shuka jekundu lilikuwa vazi la huyo jini. Halikuwahi kutiwa mkasi wala kufuliwa pamoja na nguo za watu. Mwenye jini akifa, mmoja wa nyumba hulipokea shuka na mgeni wake, au wajuao hulirudisha mtoni likiwa zima. Sihaba hakufanya hili wala lile. Alilikunja, akafunga sanduku.

"Ungelirudisha zima, angekwenda zake," alisema Bi Mwamini. "Sasa umemshonea mtoto, mwanangu. Umemwonyesha pa kukaa."

"Nitalifumua sasa hivi."

"Usiguse! Nakuja. Usiguse kitu!"

Lakini Umwe ni mbali, na Alhamisi ilikuwa inakaribia. Sihaba alichukua wembe, akapiga magoti. Alipotia ncha ya wembe chini ya uzi wa kwanza, kuku nje wakanyamaza, na pikipiki za barabarani zikawa kama zimezimwa zote kwa pamoja, na harufu ya matope ikapanda kutoka kwenye kitambaa mpaka kooni mwake, na chini ya viraka kitu kikaanza kutembea polepole, kama kiganja cha mtu anayepapasa gizani akitafuta komeo, na kila kilipofika kwenye pini kiliizunguka kisha kikaendelea na safari yake kuelekea kushoto, na huko chumba cha pili Warda akaanza kuita mama, mama, mama, bila kuvuta pumzi.

Sihaba alitupa wembe akakimbia. Warda alikuwa amekaa kitandani, na tone moja la damu lilikuwa linateremka mguuni.

"Mama, ananikwaruza kwa ndani."

Bi Mwamini alifika kwa bodaboda kabla ya alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuomba hata maji. Alifukiza ubani, akakaa mbele ya blanketi, akaamkia kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Kitambaa kilipanda kikashuka mara moja, kama kifua.

"Anataka kiti," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu wa kukalia: ama mtoto, ama mtu mzima wa nyumba hii."

"Si umpokee wewe, mama mdogo? Wewe umeshazoea."

"Mimi ninaye wangu. Na huyo wangu ana wivu kuliko mume." Hakucheka.

Sihaba alitazama ukutani. Nyuma ya ukuta huo Warda alikuwa analia kwa kujizuia.

"Basi mwambie anikalie mimi."

"Sikiliza kwanza. Mama yako alimpokea na shuka zima, wakaishi kama watu na mpangaji wao. Wewe unampa vipande. Atakukalia vipande vipande. Leo mkono, kesho jicho. Hutajua lini kipi ni chako."

"Mwambie."

Uzi ulifumuka wenyewe, laini kama nywele. Bi Mwamini alikizungusha kile kipande chekundu kwenye mkono wa kushoto wa Sihaba, akafunga fundo. Sihaba alisikia baridi ikipanda mpaka begani, ikasimama hapo, ikatulia. Jioni hiyo alitia kipande cha kanga mahali pa kile chekundu, akatandika. Mishono ilikutana papo hapo, haikuhama tena.

Alhamisi nesi alipapasa tumbo akatabasamu. "Huyu mjanja. Amegeuka mwenyewe, kichwa chini kabisa."

Mtoto alizaliwa baada ya wiki tatu, msichana mwenye sauti kubwa. Walimwita Muzdalifa. Siku waliyorudi nyumbani, Warda alimwinua kutoka kwenye blanketi lake, akampa bibi yake.

Sihaba alimpokea kwa mkono wa kulia, akambana kifuani. Wa kushoto ulibaki chini ya kanga.

"Mama, mshike kwa mikono miwili, utamwangusha."

"Nimemshika, mwanangu."

"Hata miwili hutaki? Mjukuu wako huyo!"

Sihaba alitabasamu, akajilazimisha kutotazama chini. Ndani ya kanga, mkono wa kushoto ulikuwa umeshaamka. Ulifungua vidole taratibu, ukafika kwenye mguu mdogo wa mtoto, ukaanza kuupapasa kwa upole, kidole baada ya kidole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

"Mchukue," Sihaba alisema. "Warda, mchukue upesi."