Mtamba wa Malachy na Bei ya Kompyuta

Jumanne asubuhi niliingia jikoni kwa Dympna bila kubisha hodi. Tumekuwa majirani kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo mlango wake sibishi. Mvua ilikuwa inanyesha. Dympna alikata mkate, akapanga vikombe vinne mezani. Tulikuwa watatu. Akakiangalia kile cha nne, akakirudisha kabatini.

Mume wake, Malachy, alifariki mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, na mikono ya Dympna ilikuwa haijazoea.

Binti yao, Gráinne, alikuwa anavaa mabuti akamlishe mtamba. Alikuwa amebaki huyo mmoja tu, mwekundu mwenye paji jeupe. Malachy alimlea kwa chupa. Ng'ombe wengine waliuzwa baada ya mazishi.

"Mlishe vizuri," Dympna alisema. "Alhamisi anakwenda mnadani."

Gráinne alisimama, buti moja mguuni, jingine mkononi. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Basi mimi chuo siendi."

"Utakwenda. Hebu toka, mnyama wa watu ana njaa huko nje."

Gráinne alitoka akilia. Dympna akanimiminia chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Sisi watu wa Roscommon, huku Ireland, ndivyo tulivyo. Nyumba ikiungua tunauliza kama unataka maziwa.

"Haya, sema," nikamwambia. "Kuna nini?"

Akanieleza. Gráinne amepata nafasi ya kusomea uuguzi chuoni Sligo, na masomo yanaanza Jumatatu. Lazima awe na kompyuta mpakato. Jumamosi Dympna alikwenda duka la mjini, muuzaji akamwonyesha moja ya yuro mia nane na arobaini na tisa. Yeye alikuwa na mia sita tu.

"Aliposema bei, wewe ukasemaje?"

"Nikasema sawa."

"Sawa?"

"Sawa kabisa, hakuna shida. Aniwekee mpaka Ijumaa."

"Dympna! Una mia sita, unaambiwa mia nane na arobaini na tisa, unasema hakuna shida?"

"Sasa ningesemaje, Mena? Kijana wa watu ananitazama. Kumetulia kimya. Niliona aibu."

"Umempa pesa yoyote?"

"Hata senti."

"Afadhali. Hapo umejiokoa."

"Kupunguziana bei ni mambo ya mnadani," alisema. "Dukani bei imeandikwa. Na hata huko mnadani, aliyekuwa anaongea ni Malachy. Mimi nilikuwa nakaa kwenye gari."

Nilitaka kumpa pole, lakini pole alikuwa amepewa za kutosha tangu mwezi wa pili. Nikamwomba karatasi ya chuo.

Tulisoma pamoja. Chuo hakikutaka kompyuta ya aina fulani. Kilitaka iwe na kumbukumbu ya kutosha, kamera, na betri ya kudumu siku nzima ya masomo. Basi. Ile ya mia nane ilikuwa ya kuchezea michezo ya video.

"Kwa hiyo nilikuwa nauza mtamba ili wagonjwa wa Sligo wachezewe michezo?" Dympna aliuliza. Nusura acheke.

Gráinne aliporudi nilimkalisha mbele ya simu yake. "Una anwani ya barua pepe ya chuo?"

"Walinipa nilipojiandikisha, Shangazi."

"Hiyo ni pesa. Maduka mengi hupunguzia wanafunzi, lakini hawakwambii usipouliza. Sasa tafuta bei za maduka ya miji ya Athlone na Galway. Tuone wengine wanauzaje. Ukiona bei nzuri, piga picha, na tarehe ionekane."

Kisha nikamgeukia mama yake. "Uliza kama wana ya mwaka jana. Uliza kama wanauza ile iliyokaa mezani ikishikwashikwa na wateja. Ukipewa hiyo, ikague: kioo, vitufe, betri, chaja. Dhamana iandikwe kwenye risiti. Na akitaja bei, Dympna, nyamaza."

"Ninyamaze tu?"

"Funga mdomo. Usiseme sawa. Usiseme habari za mvua."

"Mama wee. Nitakufa."

Jumatano tulikwenda watatu. Muuzaji, Cathal, alikuwa kijana mpole mwenye masikio makubwa. Nilisimama pembeni. Nilikuwa nimeapa kutosema neno.

Dympna aliuliza ya mwaka jana. Ilikuwepo moja, ile ya mezani. Gráinne aliiwasha, akabonyeza kila kitufe, akaangalia betri. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye kifuniko.

"Hiyo ni mia saba," Cathal alisema.

Dympna akafumbua mdomo. Nikamwona shingo imekuwa nyekundu. Akaufunga. Kimya kikakaa. Mtu akakohoa kwenye foleni. Gráinne akatazama sakafu. Mimi mwenyewe nilitaka kusema sawa.

Cathal ndiye aliyeshindwa. "Yaani... kwa sababu ya mkwaruzo, naweza kufanya mia sita na themanini."

Gráinne akaonyesha barua pepe ya chuo. Ikawa mia sita na thelathini. Akaonyesha picha ya duka la Athlone. Cathal akakuna sikio, akaenda kumuuliza bosi wake, akarudi.

"Mia sita na ishirini. Chini ya hapo, mama, watanifukuza."

Dympna akaweka mkono mezani.

"Na pesa ya heri?"

Kijana akamkazia macho. Kwetu, mnyama akiuzwa, muuzaji humrudishia mnunuzi pesa kidogo ili mnyama amletee baraka. Hufanyika mnadani. Dukani, kwenye kompyuta, mimi sijawahi kusikia.

"Jamani," Cathal alisema polepole. "Babu yangu ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Nyinyi ni watu wa nani?"

"Malachy Geraghty. Alikuwa mume wangu."

"Alimuuzia babu fahali. Nilisikia amefariki. Pole sana, mama."

Aliandika mia sita. Akaandika dhamana ya miaka miwili kwenye risiti, Dympna akaisoma yote kabla ya kulipa. Hakuongezewa bima wala programu asiyoihitaji. Aliulizwa, akajibu hapana mara mbili, bila kuomba radhi.

Kwenye gari, Gráinne alikaa nyuma amekumbatia boksi. Yeye mwenyewe alimpigia simu mtu wa mnada, jina la mtamba likafutwa kwenye orodha ya Alhamisi.

Dympna hakufunga mkanda. Alikuwa ameshika risiti kwa mikono miwili, na machozi yanadondokea juu yake.

"Utaufuta wino," nilimwambia. "Umeshinda. Unalia nini?"

"Kila mnada Malachy alikuwa anarudi na kunisimulia. Neno kwa neno. Nilikuwa namwambia anyamaze ale." Alipangusa pua. "Leo nina ya kwangu, Mena. Na sina wa kumsimulia."

Kule dukani nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake muda wote. Nilisikia kila neno.

Nikawasha gari.

"Haya," nikasema. "Nisimulie. Alianzia bei gani?"