Maziwa ya Taprandich

Gari la Gurdial Singh liliteleza kwenye kona, likazunguka mara mbili, likavunja uzio wa waya na kutumbukia ndani ya mtaro. Kioo cha mbele kilisambaratika na theluji ikaingia kama unga uliomwagwa kutoka guniani. Injini ikakohoa, ikazima. Kilichobaki kusikika ni upepo tu.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1987, kwenye mabwawa ya Erith, pale London inapokwisha na Mto Thames unapoanza kutanuka kuelekea baharini. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Barabara kuu ilifungwa na magari yaliyokwama, ndipo Gurdial, Kalasinga fundi bomba mzaliwa wa Nakuru, alipoamua kupita njia ya mkato ya kinamasini ambayo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuipita siku hiyo.

Nyuma yake walikaa wanawake wawili, majirani zake wa Lewisham. Mmoja alikuwa Mwatima, mtu wa Wete, Pemba, aliyefika London miaka michache baada ya Mapinduzi. Wa pili alikuwa Hester, mjane wa karibu miaka themanini, Kaburu aliyezaliwa Kenya. Mwatima alikuwa amepanga chumba cha juu nyumbani kwa Hester tangu alipokuwa msichana. Sasa kodi ilikuwa imesahauliwa, na Mwatima ndiye aliyempikia Hester na kumvalisha soksi. Siku hiyo walikuwa wanarudi kutoka kuangalia nyumba ya wazee ambako mtoto wa Hester alitaka mama yake ahamie. Hester aliitazama nyumba ile, akakataa hata kuvua koti.

"Bibi Hester, umeumia?" Mwatima aliuliza.

"Mimi iko sawa," Hester alijibu kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Angalia Singh. Damu yake naingia kwa kiatu yangu."

Bati la mlango lilikuwa limekunjika na kumchana Gurdial paja. Damu ilitoka polepole, nzito, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Mwatima alitafuta kitambaa, asipate zaidi ya mtandio wake mwembamba. Gurdial akainua mikono, akaanza kufungua kilemba chake. Katika ujirani wao wote Mwatima hakuwahi kumwona kichwa wazi.

"Bwana Gurdial, kilemba chako..."

"Mungu anauona mguu, dada. Funga. Kaza sana."

Alikaza mpaka Gurdial akapiga ukelele. Damu ikapungua, lakini haikukoma.

"Niwashe injini tupate moto?" Mwatima aliuliza.

"Usiwashe! Bomba la moshi limefukiwa. Moshi utatuua kabla ya baridi." Gurdial alivuta pumzi. "Honi inafanya kazi. Bonyezeni, halafu mpumzike. Betri si nzuri."

Walibonyeza. Sauti ilitoka, ikamezwa na weupe. Wakangoja. Hakuna gari lililopita. Theluji ilipanda hadi kwenye vioo vya pembeni, na ndani ya gari mwanga ukawa wa kijivu kama wa kisimani. Gurdial aliomba maji. Mwatima akachota theluji iliyojaa kwenye kiti, lakini Hester akamshika mkono.

"Hapana pea yeye hivyo. Itakula joto ya mwili. Weka kwa chupa, chupa weka kwa tumbo."

Mwatima aliijaza theluji chupa tupu ya soda iliyokuwa garini, akaitia ndani ya nguo zake. Baridi yake ilimchoma kama pasi. Ilipoyeyuka, yalipatikana mafunda machache tu, na Gurdial akayanywa yote.

Hatari kubwa ilikuwa usingizi. Kila Gurdial aliponyamaza, kidevu chake kilianguka kifuani. Hester akamzaba kofi shavuni.

"Singh! Sikiliza! Nitasema habari ya mama yangu. Ukilala, napiga tena."

Akaanza kusimulia. Mama yake, Aletta, alishuka Mombasa na mumewe pamoja na Makaburu wengine waliokuwa wakitafuta ardhi, wakapanda treni hadi Nakuru. Kutoka hapo wakafunga ng'ombe kwenye mikokoteni na kupanda milima kuelekea Uasin Gishu. Hapakuwa na barabara. Wanaume walikata mianzi na kuitandika juu ya matope, magurudumu yakaizamisha, wakakata mingine. Mvua haikukatika. Katikati ya msitu mumewe akashikwa na homa, akaanza kukojoa damu. Wenzao walitangulia kutafuta njia, wakisema watarudi, wakazuiwa na mto uliofurika. Mume akafa. Aletta alichimba kaburi kwa jembe na sufuria, tumbo lake likiwa la miezi tisa. Ng'ombe wakafa mmoja mmoja. Akavunja ubao wa mkokoteni apate kuni, na chini ya kilichobaki, kwenye matope, akajifungua peke yake.

"Huyo mtoto ni mimi," Hester alisema. "Mama hana chakula, hana maziwa. Lakini tulipona. Kwetu kila mtoto najua hii habari. Mungu alileta maziwa."

Mwatima, aliyekuwa akisugua mikono ya Gurdial, aliacha ghafla. "Maziwa gani, Bibi? Ng'ombe si walikufa?"

Hester alijivutia koti shingoni.

"Mungu hakamui ng'ombe. Nani aliyeleta?"

Upepo ulilitikisa gari. Mwishowe Hester akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa mama moja, Mnandi. Taprandich. Mama yangu alificha hii jina maisha yake yote. Lakini alipougua, siku ya mwisho, aliita yeye tu. Taprandich, Taprandich. Mimi nikauliza, akasema yote. Kila siku yule alipita ndani ya mvua na kibuyu ya maziwa. Alikata kitovu yangu na kisu yake."

"Kisha?"

"Kisha serikali ilipima mashamba. Nyumba ya Taprandich ilikuwa ndani ya shamba yetu. Mama akaambia yeye, ondoka."

"Akaenda wapi?"

"Hatukuuliza."

 Mwatima aliiona akilini nyumba yao ya Wete iliyonyang'anywa, ambamo watu asiowajua walikuwa wakilala vyumbani na kupika jikoni kwa mama yake. Alitamani kuliacha lile gari, na kumwacha bibi huyu na hadithi yake. Lakini Gurdial alikuwa ameacha kutetemeka kwa baridi, na Mwatima alijua hiyo si dalili njema.

"Mimi n'ende nikatafute watu," alisema. "Tukingoja kiza, tutamzika huyu."

"Barabara haionekani," Gurdial alinong'ona. "Fuata nyaya za umeme. Nguzo zinakwenda mjini."

"Bibi, piga honi. Usiache."

"Kwenda," Hester alisema. "Mimi nashika yeye." Alikwisha kufungua koti lake, akimvuta Gurdial kifuani kama mtoto.

Mwatima alitoka kwa kupitia dirishani. Upepo ulimpiga usoni, ukamtia upofu. Aliinua kichwa mpaka akaziona nyaya, mistari myeusi inayotetemeka juu ya weupe, akaanza kutembea chini yake. Theluji ilimfika mapajani. Alianguka, akainuka. Mahali fulani ardhi ikakatika, akatumbukia kwenye mtaro mwingine, barafu ikavunjika, na maji yakamfika kiunoni. Alishika mizizi ya matete, akajivuta kwa viwiko. Alipotoka, kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chini. Aliufunga mguu kwa mtandio, akaendelea. Nyuma yake honi ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Kila ilipolia alijua kuwa bado wako hai.

Kisha haikulia tena.

Alilia kwa sauti, akimwita mama yake, akimwita Mungu, na hakusimama. Miguu hakuisikia tena. Alipojikwaa kwenye kitu kigumu na kuangukia kifua, alibaki hapo, shavu juu ya chuma. Ilichukua muda kuelewa kuwa ilikuwa reli. Na kando ya reli, mbali kidogo, watu waliovaa makoti ya rangi ya machungwa walikuwa wakisukuma theluji kwa mabeleshi.

Wafanyakazi wa reli walitaka kumpeleka kwenye joto. Alikataa, akawaonyesha alikotoka. Walimbeba mgongoni kwa zamu, wakafuata nyaya kurudi, kwa kuwa nyayo zake zilikuwa zimekwisha kufutika. Mwanga ulikuwa unakufa. Mbele yao palikuwa na weupe mtupu, hakuna gari, hakuna honi.

"Nyamazeni!" Mwatima alipiga kelele.

Wakasikia. Chuma juu ya bati, kwa udhaifu, bila mpango. Chini ya theluji Hester alikuwa akigonga paa kwa spana ya Gurdial, mkono wake umeganda kwenye mpini. Walipofukua dirisha, Gurdial alikuwa amelala kifuani pake, akipumua.

Gurdial aliokoka na mguu wake. Hester alikatwa vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi, na Mwatima kimoja. Waliwekwa vitanda jirani katika wodi moja, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Mwatima alimsimulia habari za Wete na jinsi baba yake alivyochukuliwa. Hester alisikiliza hadi mwisho. Hakusema pole. Aliuliza, "Nani nakaa ndani sasa?" Mwatima akamwambia hajui. Hakuna aliyegeuza uso.

Danie, mtoto wa Hester, alifika kutoka Pretoria. Aliwaambia wauguzi kuwa haishangazi mama yake kupona, kwani alizaliwa msituni na mwanamke aliyekuwa peke yake, akalindwa na Mungu tu.

"Hakuwa peke yake," Hester alisema.

"Mama, umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Keti."

Akamweleza kwa lugha yao. Mwatima hakuelewa ila jina la Taprandich lililorudi na kurudi. Danie aliiva uso, akainuka, akaenda dirishani. Kisha akamgeukia Mwatima, akamuuliza kwa Kiingereza kama ni kweli.

"Msituni sikuwepo," Mwatima alimjibu. "Garini nilikuwepo, na mtu anayekikabili kifo hana sababu ya kunidanganya."

Danie alirudi kukaa. Alilijaribu jina lile, akakwama katikati.

"Tena," Hester alimwambia.