Nilimzuia Mdogo Wangu Kusoma Karatasi ya Nyumba Yetu

Siku ile tulikuwa watu sita katika sebule ya nyumba waliyotuachia wazazi wetu, Butembo. Nilikuwepo mimi Masika, mtoto wa kwanza. Walikuwepo wadogo zangu watatu: Mumbere, Kavira na Kambale. Alikuwepo baba mdogo, shahidi wa familia. Na alikuwepo ajenti wa koperative ya mikopo, karatasi zake zikiwa magotini. Nawataja kwa sababu wanne kati yao walikuwa ndugu zangu wa damu... na wote wanne niliwadanganya.

Nina miaka thelathini na minne. Wazazi walipofariki nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha masomo, nikaanza kununua viazi Musienene na kuviuza Beni. Viazi hivyo ndivyo vilivyowalea wadogo zangu. Kavira alisoma hadi akawa mwalimu. Nilijivunia jambo hilo, pengine kupita kiasi!

Beni nilipanga chumba kimoja, viazi nikiviuza mlangoni. Siku moja nilitaka kutundika picha ya baba na mama. Mwenye nyumba alisikia nyundo, akaja mbele ya wateja wangu.

"Musumari ni ya mwenye nyumba," alisema. "Weye lipa mwezi tu, mama."

Wateja walicheka. Nami nilicheka nao, lakini moyoni... Kwetu mtu anaweza kula sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila mafuta mwaka mzima, mradi analala kwake. Anayepanga, hata akiwa na pesa, huonekana mpita njia.

Ndipo nikasikia kwamba kuna nyumba ya matofali inauzwa pembeni mwa Beni. Nyumba ya durable, kama tunavyosema huku, vyumba vitatu, madirisha ya chuma. Pesa zangu zilitosha nusu. Koperative ilikubali kunikopesha nusu nyingine, ila ilitaka nyumba iwekwe rehani. Ile ya Beni waliikataa. Ajenti alinieleza waziwazi kwamba mtaa ule watu wanaweza kuukimbia wakati wowote kwa sababu ya mapigano. Alitaka nyumba ya Butembo, pamoja na sahihi za watoto wote.

Hebu fikirini! Mkopeshaji mwenyewe anaiogopa ile nyumba, na mimi naikimbilia?

Kabla ajenti hajafika sebuleni, niliwaambia wadogo zangu na baba mdogo kwamba rehani ni nyumba mpya, wao wanashuhudia tu. Ajenti alipouliza kama wote wameelewa, nilijibu kwa niaba yao. Mumbere akatia sahihi. Kambale akatia. Kavira akaivuta karatasi, iliyoandikwa kwa Kifaransa, karibu na macho.

"Yaya, acha kwanza nisome," alisema. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Hapo ndipo niliposema neno ambalo hadi leo linaniunguza. "Unasoma nini? Miye niliacha masomo juu weye usome. Leo unanipima na Kifaransa ya viazi yangu?"

Kavira alitia sahihi, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili.

Nilihamia. Siku ya kwanza nilipiga misumari ukutani hata mahali ambapo sikuwa na cha kutundika! Nilimwita mchungaji abariki nyumba, nikachinja mbuzi, nikalisha wanakwaya... kwa pesa nilizokuwa nimetenga kwa malipo ya miezi ya kwanza. Wenzangu wa soko waliniita mama parseli, yaani mwenye kiwanja chake. Niliipenda sana sauti ile.

Mwaka haukuisha. Milio ya risasi ilikaribia mtaa wetu, watu wakabeba magodoro na watoto. Nami nilifunga mlango wangu wa chuma nikarudi Butembo. Nyumba ile nani angeinunua? Nani angeipanga? Barabara nayo ilikuwa ngumu, viazi vikaoza, na malipo yakanishinda.

Ajenti alikuwa amenishauri tangu mwanzo: ukishindwa, njoo mapema, tutaongeza miezi. Sikwenda. Niliona aibu kuingia katika ofisi ile ambamo nilikuwa nimetamba. Barua zilipokuja, za Kifaransa, nilizificha chini ya gunia la maharagwe. Aliyeweza kunisomea alikuwa chumba cha pili, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake!

Asubuhi moja watu walifika kupima kiwanja. Kambale ndiye aliyewafungulia. Aliwaambia wamekosea nyumba.

Hawakuwa wamekosea. Nyumba ambayo baba aliinua kwa mikono yake iliuzwa, na bei yake haikulimaliza deni pamoja na riba za kuchelewa. Sasa tunapanga vyumba viwili. Mumbere hajaongea nami tangu siku ile. Picha ya wazazi imeegemezwa juu ya kabati.

Jioni tuliyohama nilimwomba Kavira msamaha. Nilisema laiti ningemwacha asome.

"Nilisoma, Yaya," alinijibu taratibu. "Mistari mbili tu. Niliona jina ya kartie yetu, mtaa wa hapa Butembo. Nikajisemea, yeye ni mama yetu, hawezi kutuuza."

Heri angenipiga...

Wasomaji wenzangu, kupanga si aibu. Aibu ni kununua sifa kwa paa la wengine. Kama umelea wadogo zako, usiwadai kimya chao kama malipo. Mwenye kuomba kusoma, mpe karatasi na taa. Na ukishindwa kulipa, nenda kaseme ungali na kitu cha kuokoa!

Nimerudi kwenye viazi, naviuza hapa Butembo. Kila mwezi napeleka kiasi changu koperative, kisha namletea Kavira risiti. Anaisoma yote kwa sauti, kuanzia juu hadi mhuri, nami nakaa kwenye kigoda namsikiliza. Juzi alipofika mwisho alininyooshea karatasi na kusema imebaki miezi kumi na tisa.

Ya koperative tu. Deni la wadogo zangu halina risiti.