Mafuta Yaliyokosekana kwa Kidoti

Alasiri, cherehani ilinguruma polepole na mwanga ukalala juu ya vitambaa. Fundi alishona kama mtu aliye nusu usingizini. Binti yake wa miaka mitatu, waliyemwita Kidoti, alicheza miguuni pake.

Jua lilipozama, Kidoti aliinuka, akajigonga kwenye kiti. Jana yake pia alijigonga hivyo hivyo. Akanyoosha mikono, akapapasa hewa.

"Mama, uko wapi?"

"Niko mbele yako, mwanangu!"

Fundi aliacha kushona. Akambeba hadi kwa jirani yake, muuguzi wa zahanati. Muuguzi aliipapasa ngozi ya mtoto. Ilikuwa kavu, imepauka.

"Mama Kidoti, mtoto anakula nini?"

"Wali, maharage, karoti. Bila tone la mafuta. Daktari alimwambia baba yake apunguze, basi nikayapiga marufuku nyumba nzima."

"Daktari alisema apunguze. Wewe ukatia chumvi."

Asubuhi, zahanati ilimpa Kidoti matone ya vitamini A. Kisha muuguzi akaketi na fundi kwenye benchi.

"Chembe ya mafuta ni kama kijiti kifupi chenye nyuzi tatu ndefu. Mwili huyaweka mafuta hayo kama akiba ya nguvu. Yapo mengine yenye nyuzi mbili na kichwa kinachopenda maji. Hayo hujipanga tabaka mbili, vichwa nje, nyuzi ndani. Ndiyo utando unaozunguka kila seli ya mwili."

"Kama bitana ya koti?"

"Hasa. Bila utando huo, seli ingemwagika kama uji usio na bakuli. Hata ubongo una mafuta mengi. Na ile vitamini ya karoti, inayosaidia macho kuona kwenye mwanga hafifu, haiingii vizuri mwilini bila mafuta."

"Kumbe karoti zote zile zilipita tu!"

"Nyingi zilipita. Mtilie mafuta kidogo kwenye mboga. Mpe yai na parachichi. Baba yake naye atumie kidogo, ya mimea, yasiyokaangiwa mara mbili."

Njiani, Kidoti alilala begani. Jua liligusa shavu lake. Fundi alijiona kama anaota: ndani ya shavu lile, seli zisizohesabika, kila moja kwenye utando wake mwembamba, zikimeta, zikifanya kazi kimyakimya. Akatembea taratibu, asizisumbue.

Tangu siku hiyo, kijiko cha mafuta kiliingia kwenye mboga. Ngozi ya Kidoti ikalainika. Zahanati ikampima tena, ikaridhika.

Wiki kadhaa baadaye, jioni, taa haijawashwa bado, fundi aliangusha pini. Akainama, akapapasa sakafu.

"Usiguse hapo, mama," Kidoti alisema kutoka mlangoni. "Itakuchoma. Ile pale, karibu na kidole chako."

Fundi hakuiokota mara moja. Alibaki ameinama kwenye kiza chepesi, akimtazama mwanawe, naye mwanawe akimtazama.