Mgeni Aliyezidi

Mgeni mmoja alizidi. Ndivyo balaa lilivyoanza kwa Houssein fundi cherehani, pale Gitega, na kama mtu angemwambia siku ile kwamba mgeni mmoja tu atamvunja mkono na kumharibia mke, angecheka mpaka pini zimdondoke mdomoni.

Houssein alishona magauni ya harusi, na kwa kushona hakuwa na mpinzani, tuseme ukweli. Ila kwa kujisikia nako, mh! Alikuwa na ukurasa wake kwenye intaneti, umejaa picha za magauni na picha yake mwenyewe kafunga tai, na hamu yake yote ilikuwa kujua nani kapita kumtazama. Rafiki yake Adriano, fundi simu aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania, alimwekea vyombo viwili vya kuhesabu wageni wa ukurasa ili wavilinganishe, kizuri kibaki, kibaya kitolewe. Cha kwanza kilihesabu tu. Cha pili kilionyesha na mahali alipo mgeni, kwa kitone chekundu kwenye ramani.

Houssein hakutosheka. Akataka kila anayefungua ukurasa asikie sauti ya mkewe, Kulthumu, ikimwambia: "Karibu, ingia ndani, hapa ni kwako."

Kulthumu alikataa. Kwao Muyinga, hodi ya adhuhuri, jua likiwa utosini, haijibiwi mpaka anayebisha ataje jina. Mtoto wa kule anafundishwa hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

"We Houssein, mi siwezi kukaribisha mtu sijui ni nani," alimwambia. "Muulize jina kwanza."

"Mais, lakini hii ni intaneti, sha! Kwa simu iko hodi gani?"

Akacheka, akamsogezea simu mdomoni. Na saa aliyochagua kumrekodi, jamani, ilikuwa hiyohiyo ya adhuhuri.

Haikupita wiki akaenda kwa Adriano kulalamika. "Chombo yako ya pili ni bovu. Ya kwanza inasema wageni tisa, hii inasema kumi. Kila siku inazidisha mmoja."

Adriano aliinamia kompyuta kwa muda. "Hakijakosea, kaka. Cha kwanza kinahesabu simu zilizofungua ukurasa. Cha pili kinahesabu kila mara sauti ya shemeji inapomkaribisha mtu. Huyu anayezidi anakaribishwa kila adhuhuri. Jana kitone chake kilikuwa Kobero, leo kiko Muyinga."

"Eh! Mteja huyo! Anatoka mpakani, anakuja kwangu."

"Na simu yake iko wapi?" Adriano alishusha sauti. "Kila mgeni hapa anaonyesha anatumia simu gani. Huyu hana."

Kesho yake kitone kilikuwa Bugendana, jirani kabisa na Gitega. Adriano akamsihi aufute ukurasa. Houssein akamjibu kwamba wivu utamuua, akarudi nyumbani, akafunga tai, akamngoja mteja wake.

Adhuhuri iliyofuata walikuwa wawili tu ndani. Kulthumu alikuwa anashona shanga kwenye shela, Houssein yuko kwenye meza ya kukatia. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya nywele zinazoungua, na pasi ya mkaa ilikuwa haijawashwa tangu asubuhi.

"Unasikia?" Kulthumu alinong'ona.

Pale mlangoni, sauti nzito ikasema, "Hodi."

Houssein akafungua mdomo. Kulthumu akamrukia, akamziba kwa kiganja. "Usijibu! Wallahi, usijibu! Muulize jina!"

"Nani?" Houssein aliuliza kiganja kilipomtoka mdomoni. "We nani?"

Hakuna aliyetaja jina. Ila simu ya Houssein, iliyolala mezani, ikawaka yenyewe, na sauti laini ya Kulthumu ikatoka humo: "Karibu, ingia ndani, hapa ni kwako."

Komeo likakatika, mlango ukagonga ukuta, na hapo hakuonekana mtu, ila cherehani ikaanza kukimbia yenyewe bila mguu juu ya kanyagio, magauni yakachanika moja baada ya jingine toka shingoni mpaka chini, na Kulthumu akainuliwa nywele mpaka vidole vya miguu vikaacha sakafu, akapigizwa kwenye dari, akaangushwa, akainuliwa tena, na Houssein alipomkimbilia akitaja kila aya aliyowahi kufundishwa utotoni, mkewe akageuka macho yamekuwa meupe yote, akaushika mkono wake wa kushonea, akauvunja kama mtu anayevunja kuni.

"Nimekaribishwa," Kulthumu alisema kwa ile sauti nzito. "Hapa ni kwangu. Na huyu wangu."

Kelele zikamleta Adriano na majirani. Wakamfunga Kulthumu kwa vitambaa vya harusi, wakamtia kwenye gari, safari ya Muyinga kwa mjomba wake Hamissi, ambaye watu wanampelekea wagonjwa wa majini. Njia nzima Kulthumu aling'ata, akapiga teke, akamchana Adriano shavu. Houssein alilia kama mtoto, na hakuulilia mkono. Alikuwa anamwona mkewe anakwisha.

Mzee Hamissi hakuuliza mengi. "Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi, mjomba. Kwa sauti yake."

Mzee akamtazama mpaka Houssein akainamisha kichwa. "Donc, basi, ni sauti yake tu inaweza kumfukuza. Mi nitasoma. Lakini neno la kumtoa, lazima aseme yeye."

Akawasha ubani, akaanza kusoma. Jini likamrusha mzee ukutani. Akaamka, damu inamtoka puani, akaendelea kusoma. Shingo ya Kulthumu ikavimba, vidole visivyoonekana vikaacha alama juu yake, na kila alipofumbua mdomo, kitu kikamkaba.

"Sema, Kulthumu!" Houssein alipiga magoti mbele yake. "Mama yangu, nisamehe, sema! Mfukuze!"

Macho yake yakarudi kidogo. Akamwona mumewe. Akavuta pumzi iliyokoroma, akapiga ukelele mmoja uliopasua glasi za kabati: "Toka!"

Bati la paa likang'oka na kutupwa uani. Harufu ikaisha. Kulthumu akaanguka, akatema damu, akawa mzima. Walishangilia, wakakumbatiana, na ilikuwa baadaye kidogo, alipotaka kuomba maji, ndipo walipogundua kwamba hana sauti. Mdomo ulicheza, pumzi ilitoka, basi.

"Limetoka," mzee Hamissi alisema taratibu. "Halikutoka mikono mitupu."

Walirudi Gitega. Adriano akafuta ukurasa, akatoa vyombo vyote viwili, na Houssein akaiponda simu kwa nyundo. Mkono uliunga vibaya, magauni ya harusi akaacha, akabaki kutia viraka. Tai hakuigusa tena. Kulthumu hakumnunia. Wakazoea kuongea kwa mikono, na jioni nyingine walicheka pamoja, kicheko cha mmoja kikisikika na cha mwingine hakisikiki.

Siku moja adhuhuri walikuwa wanakula ndizi na maharage, wamekaa wanatazamana. Mlango ukabishwa.

"Hodi."

Houssein akaweka chini tonge. Sasa alikuwa na adabu. Akavuta pumzi aulize jina.

Kabla hajatamka, kutoka chumba cha kulala, ambako hakukuwa na mtu, ile sauti laini ya Kulthumu iliyochukuliwa ikaita: "Karibu, ingia ndani, hapa ni kwako."

Houssein akamtazama mkewe. Kulthumu alikuwa mbele yake, midomo kaifumba, machozi yanamtiririka, anatikisa kichwa, hapana, hapana, si mimi.

Na pale nje, yule asiyetaja jina akavua viatu, akaingia.