Mkuki wa Ghala la Hirbadaw

Msumari ulikuwa mtupu.

"Ulikuwa hapo," alisema Mzee Bura, akionyesha ukuta kwa kidevu. "Mkuki wa Kichina, wenye shada la manyoya mekundu. Jana jioni niliuacha. Leo haupo."

Inspekta Eliakimu alisimama mlangoni asiingie kwanza. Lilikuwa ghala kuukuu la shamba la ngano la serikali, hapo Hirbadaw, na wanafunzi wa Mzee Bura walilitumia kujifunza kungfu. Nje makombaini yalikuwa yakinguruma mavunoni. Vumbi la ngano lilikuwa limetanda sakafuni kama unga uliochekechwa.

"Mlifagia lini, mzee?"

"Kila jioni tunafagia. Hili ni la usiku."

"Na kufuli?"

"Zima. Ufunguo hukaa juu ya mlango, kila mwanafunzi anajua."

Eliakimu alichuchumaa. Chini ya msumari vumbi lilikuwa na mashimo mawili ya mviringo, yamekaribiana. Magoti. Mwizi alipiga magoti kwanza, ndipo akapanda kigoda kilichokuwa kando. Ukutani, kando ya msumari, palikuwa na alama ya kidole ya rangi ya zambarau.

"Kuna kingine kilichopotea?"

"Kichupa cha mafuta ya cherehani. Nayapaka kwenye chuma kisishike kutu."

Inspekta akakuna shavu. Mwizi gani huyo, anaiba mkuki na mafuta ya kuutunza?

Mzee Bura alikuwa fundi wa makombaini. Miaka ya nyuma alijenga reli kule Mlimba, na huko fundi mwashi mmoja Mchina, Bwana Hou, alimfundisha kila alfajiri kabla ya kazi. Siku ya kuagana alimkabidhi mkuki wa mwalimu wake mwenyewe. "Aliniambia sikupewa niutundike," alisema Bura. "Nimepewa nimpe mwingine. Na macho yangu, mwanangu, yanakwisha. Jumapili hii nilikusudia kumkabidhi Patriki wa Mbulu, mwanafunzi wangu wa zamani. Ana ukumbi, ana vijana wengi."

Patriki aliletwa mchana, amevaa suti nyeusi ya hariri yenye joka mgongoni.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Mbulu, Afande. Nilikuwa na onyesho, ukumbi mzima umeniona. Na niibe kitu cha kupewa Jumapili kwa nini?"

"Ukiingia mle ghalani, huupigia magoti ule mkuki?"

Patriki alicheka. "Mimi? Nipigie magoti fimbo yenye chuma? Ningeutia taa za rangi, watu waje waone. Mzee hajui biashara."

Eliakimu alimruhusu aende. Hakuwa mwizi, ila maneno yake yalimkaa Inspekta rohoni kama mwiba.

Jioni wanafunzi walikuja, naye akaketi pembeni kuwatazama. Tangu ujana wake Eliakimu alikuwa akitafuta shule ya kweli ya sanaa ile. Dar es Salaam alikuta kumbi zilizobandikwa picha za sinema. Tanga alimkuta mwalimu aliyevunja matofali huku akipiga kelele za Kichina alichokitunga mwenyewe, naye Eliakimu akatoka na kifundo kilichoteguka. Hapa hakuna aliyepiga kelele. Walirudia hatua moja tu, polepole, na Mzee Bura akapita akipapasa visigino vyao kwa kiganja, kwa kuwa macho hayakumtosha. "Uzito nyuma. Pumua. Tena." Kumbe shule ilikuwa hapa, katikati ya ngano.

"Wote wamefika, mzee?"

"Isipokuwa Sista Veronica wa zahanati. Ndiye mkubwa wao. Hajawahi kukosa."

Zahanati ya shamba ilikuwa hatua chache tu. Muuguzi Veronica alikuwa akimpaka mchunga ng'ombe mmoja dawa ya vidonda, ile ya zambarau. Vidole vyake vyote vilikuwa na rangi hiyo. Inspekta alingoja mgonjwa aondoke.

"Sista, mkuki uko wapi?"

Veronica alinawa mikono taratibu. Kisha akaenda nyuma ya machela, akarudi na mzigo mrefu uliofungwa shuka safi. Chuma kilikuwa kimepakwa mafuta, kinang'aa.

"Kwa nini?"

"Ungegeuzwa sarakasi kule Mbulu, Afande." Akaufunika tena kwa shuka. "Mimi nilihamishiwa hapa kutoka Songea. Mzee aliona mtumishi ni mpita njia, leo yupo kesho hayupo, ndiyo maana hakunifikiria. Hajui kwamba kila uhamisho ulipokuja niliomba nibaki. Nilibaki kwa ajili ya ghala lile. Nilitaka Jumapili ipite tu, nipate nguvu za kusema."

Waliubeba mkuki hadi ghalani. Veronica alipiga magoti mbele ya mzee, akarudia yote, mbele ya wenzake. Mzee Bura alipapasa chuma, akanusa mafuta.

"Kwa nini hukuniambia, binti yangu?"

"Ulisema mwanafunzi haombi mkuki."

"Nilisema hivyo?"

"Mara nyingi, Mwalimu."

"Basi nilisema upuuzi," alisema mzee, na machozi yakamtoka huku anacheka. Akamgeukia Inspekta. "Afande, mwenye mali akisema hakuibiwa?"

"Polisi hana kesi, mzee."

Jumapili Patriki hakualikwa. Mzee Bura alimkabidhi Veronica mkuki kwa mikono miwili, akaketi kwenye kigoda, amepumzika kama mtu aliyefika nyumbani.

Wiki iliyofuata Eliakimu alirudi bila sare. Alivua viatu, akasimama mstari wa nyuma.

"Shusha nyonga, Afande," alisema Veronica.

Akashusha.

"Bado. Shusha tena."

Miguu ilimtetemeka, jasho likamtoka, na hakuna aliyemhurumia.