Kaya ya Kumi na Saba

Ramani ilifunguka yenyewe katikati ya soko kuu la Butembo, saa nne ya asubuhi, na waliokuwa karibu wakaacha kununua.

Élise Kahongya alikuwa ameibeba kwapani, imeviringishwa na kufungwa kwa mpira. Mpira ukakatika. Karatasi ya urefu wa mita nzima ikajitandaza juu ya mafungu ya vitunguu: mitaa ya Beni, barabara ya kwenda Eringeti, na vitone vyekundu hapa na pale. Mwenye vitunguu akavitazama vile vitone, kisha akamtazama msichana mwenyewe. Alivaa blauzi nyeupe, sketi ya kikwembe cha samawati, na raba zilizojaa matope.

"We dada, hii carte ni ya nini?"

"Ya masomo, mama. Niko nasoma jiografia ya batu."

"Batu banasomewaka mu carte? Na hivi vyekundu?"

"Ni manyumba, mais..."

"Manyumba ya nani? Batu, mukuje muone! Huyu anabeba manyumba yetu mu karatasi!"

Katika nchi ambako vijiji vizima vimekimbia mauaji, mtu aliyetia alama nyekundu kwenye nyumba za watu hana muda mrefu wa kujieleza. Watu walimzunguka. Mwanaume mmoja alimshika mkono.

"Mumuache! Ile carte nimeiprinta miye."

Kijana aliyesema hivyo alipenya kati ya watu, shati lake la manjano limenyooshwa vizuri, vidole vyake vimejaa wino. Wengi walimjua. Alikuwa na duka la kuchapa na kufanya photocopie upande wa pili wa barabara.

"Na ile rangi nyekundu?" mwenye vitunguu akauliza.

"Encre nyeusi iliniishia, mama. Ungeleta yako ningetia nyeusi."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Mkono ukamwachia Élise. Kijana aliviringisha ramani, akamtangulia hadi dukani, akampa kiti.

"Mais hukuiprinta weye," Élise akasema.

"Najua. Nimedanganya soko nzima, na jana tu niliimba mu chorale ya kanisa. Sasa niambie ukweli, nijue nimedanganya juu ya nini."

Akamweleza. Alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uzamili. Alitafiti jinsi familia zilizokimbia mashamba zinavyochagua mahali pa kukaa mjini Beni, na jinsi watoto wao wanavyotawanyika. Hakuchagua nyumba kwa kupenda. Alitembea mtaani akihesabu, akagonga kila mlango wa kumi.

"Na bale ba mulango ya kenda, bo habana maneno?"

"Banayo. Mais nikichagua mulango yenye inanipendeza, haiko tena recherche."

"Basi miye niko na bahati mubaya. Ku hii barabara duka yangu ni ya nane."

Élise alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Unaitwa nani, mulango ya nane?"

"Kambale Gamaliel."

"Kambale. Donc kwenu uko kijana wa pili."

"Wa pili. Mukubwa alikufaka ku mashamba, zamani."

Nyumba zisizo na sentensi kama hiyo si nyingi kule. Élise hakuuliza zaidi.

Mwezi huohuo simu zikaanza.

"Allo, Prof wangu. Umekula?"

"Nimekula sombe. Na weye?"

"Miye nimekula photocopie. Chérie, utakuja lini kunihesabu?"

"Siku utahamia ku mulango ya kumi."

"Nitabomoa milango mbili, utaona!"

Gamaliel alimchapia karatasi za maswali, akamsomea makosa ya tahajia, akamsindikiza kwao, mtaa wa Vulamba, kila jioni kabla jua halijazama. Miezi mitatu haijaisha, akasema, "Dimanche twende Beni. Mama anataka kukuona."

Walifika baada ya ibada. Élise alivaa kikwembe kipya cha maua ya kijani na kilemba chake, akabeba kilo mbili za sukari na sabuni. Gamaliel alimshika mkono wakakata kona ya mtaa wenye uzio wa matete. Élise akapunguza mwendo. Uzio ule alikuwa ameuona. Mlango wa mabati wenye msalaba wa chokaa alikuwa ameugonga mwenyewe, miezi mitano nyuma, kabla hajamjua Gamaliel.

Kaya ya kumi na saba.

Mlango ukafunguka. Mama Julie alisimama pale, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Alimtazama Élise, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Mama, ni yeye," Gamaliel akasema kwa furaha. "Élise."

"Karibu, binti," Mama Julie akasema polepole. "Njo mara ya kwanza tunaonana."

"Njo mara ya kwanza, mama," Élise akajibu, kana kwamba hawajawahi kuonana.

Alichokumbuka wakati anakaa kwenye kiti kilikuwa hiki. Siku ile ya utafiti alikuwa amesoma ahadi yake kwa sauti, kama alivyowasomea wote: jina lako halitaandikwa, jibu lako halitatoka kwangu. Kisha akauliza, umezaa watoto wangapi, na wako wapi? Mama Julie alikuwa amejibu, "Saba." Halafu akasema, "Weka kalamu chini."

Élise aliiweka. Na mama, ambaye pengine alikuwa amengoja miaka mtu asiye wa mtaa wake wa kumwambia, akasema kwamba mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na watu wa msituni shambani Eringeti, ana miaka kumi na mitatu. Familia ilimlilia bila mwili. Baba yake akafa na huzuni ile. Kisha, baada ya miaka minane, mtoto akatoroka akarudi, amekuwa mwanaume. Mama alimficha kwa mchungaji mmoja huko Mabalako, alikokuwa akilima kakao. Wadogo zake hawakujua. "Bakijua batapenda kumuona," alisema. "Bakienda, batu batabafuata. Hapa banachomaka mutu mwenye alitoka mu pori, hapana kuuliza kama alipelekwa kwa nguvu."

Sasa Gamaliel alitoka nje kununua soda. Mama Julie akamvuta Élise jikoni.

"Ulimuambia?"

"Hata neno, mama. Sikujua kama ni mutoto wako. Yesu wangu, nimejua sasa hivi ku mulango!"

"Usimuambie. Ananiheshimu, mais moyo yake ni ya mbio."

"Nilitoa neno langu, mama."

Mama Julie alimshika mashavu kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ulisema utafika Mabalako juu ya masomo. Miezi sita sijamuona. Nitakupatia kitu umupelekee."

Mtafiti habebi mizigo ya anaowatafiti. Élise aliijua kanuni hiyo, aliinukuu hata kwenye ukurasa wa tatu wa kazi yake. Lakini alipokea kifurushi akakiweka chini ya daftari zake.

Wiki ya pili yake, Luc, rafiki wa Gamaliel anayenunua kakao kwa pikipiki, aliingia dukani bila kuvua kofia.

"Ndugu, nikukalishe kwanza?"

"Sema."

"Jana nilikuwa Mabalako. Nimeona Élise wako nyuma ya kanisa na mwanaume. Alimupatia shati mupya ya bluu. Mwanaume akalia. Élise akamushika mukono."

Mashine ilikuwa ikitoa karatasi. Gamaliel aliiacha itoe mpaka zikaanza kumwagika sakafuni.

"Jina yake?"

"Banamuita Mumbere."

"Mumbere gani?"

"Mumbere tu! Utabamaliza bamumbere ba huku?"

Ni kweli. Kwa Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Kijana wa kwanza anaitwa Mumbere katika nyumba nyingi mno, wa pili Kambale, na ukiita jina hilo sokoni vichwa ishirini vitageuka. Kwa hiyo Gamaliel alitajiwa jina la kaka yake mwenyewe, na likampita sikioni kama jina la mtu yeyote.

Akapiga simu.

"Allo, chéri, nilikuwa..."

"Jana ulikuwa Mabalako na nani?"

"Ku recherche."

"Mu recherche banagawaka bashati?"

"Nani alikuambia?"

"Ah! Donc ni kweli."

"Gamaliel, unisikilize. Haiko vile unafikiri."

"Basi sema iko vipi. Ule mutu ni nani?"

Élise alikuwa amekaa kitandani kwake, karatasi ya ahadi iko mezani, na saini yake chini. Neno moja lingemrudishia huyu mtu anayempenda. Neno hilohilo lingeweza kumpeleka mbio Mabalako kesho yake, na Luc nyuma yake, na mtaa mzima nyuma ya Luc.

"Siwezi kukuambia. Niliahidi."

"Uliahidi ule mwanaume?"

"Hapana yeye."

"Nani basi? Élise, kwa mapendo yetu. Miye nilisimama mbele ya soko juu yako bila kukujua. Weye unanijua na unanifungia mulango?"

"Niamini tu, nakuomba."

"Jina moja. Moja tu."

Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. "Hapana," akasema.

"Sawa. Imeisha."

Simu ikakatika. Élise aliendelea kuishika sikioni, kana kwamba angeweza kusikia kitu kingine.

Wiki tatu zikapita. Gamaliel alipokwenda Beni kumsalimia mama yake, alimkuta uani akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Umekonda," Mama Julie akasema. "Mukwe wangu iko wapi?"

"Uliza bwana yake wa Mabalako."

Vidole vya mama vikasimama katikati ya maharagwe. "Nani amekutajia Mabalako?"

"Luc aliona kwa macho yake. Alimupelekea mwanaume shati ya bluu. Nilimuuliza jina, akakataa. Nililia, mama, nikamuomba, akakataa!"

"Ile shati," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida, "iko na mifuko mbili? Na kola ya kitambaa ingine?"

"Sijui bya kola. Juu ya nini unauliza?"

"Juu niliishona miye."

Gamaliel alitaka kucheka. Kisha akauona uso wa mama yake.

"Yule binti aliacha umuache," Mama Julie akasema, "juu nilimuomba anyamaze. Sikujua kama itamufikisha hapa. Hata miye hakuniambia." Akaweka ungo chini, akajipangusa mikono. "Kambale, ukae. Hapana, usikae. Vaa viatu."

Hakumwambia kitu hadi walipofika. Nyuma ya kanisa dogo la Mabalako, kati ya miti ya kakao, mwanaume mwenye shati la bluu alikuwa akipasua matunda kwa panga. Alikuwa na uso wa baba yao: paji, masikio, namna ya kuinamisha kichwa. Gamaliel alitafuta mti wa kushika.

Mwanaume aliweka panga chini taratibu, mbali naye, kama mtu aliyezoea kuogopwa.

"Kambale?" akasema. "Ulikuwaka mufupi."

Gamaliel aliangukia shingoni mwake.

Jioni hiyo Élise aliona namba ya Gamaliel ikiita. Aliitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Allo."

"Nimetoka kumuona mukubwa wangu."

Élise akafunika kinywa. "Nani alikuambia?"

"Mama. Weye hukuniambia hata wakati nilikutukana. Nilitajiwa jina yake na sikusikia. Unisamehe."

"Wiki tatu, Gamaliel. Uliniuliza jina moja, miye niliomba uniamini tu."

"Najua."

"Siko tayari kuitwa chérie."

"Sitakuita. Niruhusu tu nije kwenu, mbele ya baba yako."

"Uje," Élise akasema. "Lakini ulete mutu wa kukusemea. Tata hasikilizaka kijana peke yake."

Mzee Kahongya, baba yake Élise, alikuwa shemasi wa kanisa huko Vulamba, mtu wa maneno machache. Jumamosi ya mwisho wa mwezi aliketi sebuleni na ndugu zake wawili. Élise alikuwa chumbani, amevaa kikwembe cha zambarau, mdogo wake Léa akimfunga kilemba.

"Bamefika," Léa akasema akichungulia pazia. "Mama yake, pasteur moja, na mwanaume mwenye simujue. Anatetemeka kushinda hata Gamaliel."

Élise alivuta pazia. Mumbere alikuwa amekaa pale, mchana kweupe, mjini Butembo, ndani ya koti la kuazima. Mikono yake ilishika karatasi iliyokunjwa.

"Nani anasema juu ya kijana?" mzee Kahongya akauliza.

Mumbere akasimama. "Baba, naitwa Mumbere. Mbele ya yote ujue miye ni nani. Nilichukuliwa mu pori niko mutoto, nikatoroka. Pasteur alinipeleka ku bureau ya serikali, banaandika jina yangu, hii karatasi njo inaonyesha. Kama hautaki nikae mu nyumba yako, nitatoka, nao habatakasirika. Lakini baba yetu alikufa. Kwetu miye njo wa kwanza, na mudogo hawezi kuomba bibi wakati mukubwa wake yuko anajificha."

Baba mdogo wa Élise aligeuza macho mlangoni. Mzee Kahongya aliichukua ile karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akaanza tena mwanzo. Kisha akairudisha kwa mikono miwili.

"Kaa, mwana wangu," akasema. "Mumuite binti."

Élise aliingia akapiga goti. Baba yake aliuliza swali ambalo kila binti huulizwa siku ya posa, swali ambalo wengine hulijibu kwa tabasamu bila kufikiri.

"Élise, hawa bageni, unabajua?"

Alimtazama Gamaliel, ambaye hakuthubutu kuinua macho. Akamtazama Mama Julie. Mwisho akamtazama yule mwanaume wa koti la kuazima. Mumbere akatikisa kichwa kukubali, mara moja.

"Nabajua, tata," Élise akasema. "Nabajua bote."